Jinsi ya Kugeuza Kauli Halisi Kuwa Kauli ya Taarifa Katika Kiingereza

Karibuni, watazamaji, hasa ninyi wanafunzi wa sekondari wa hapa Kigoma mnaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Chukueni daftari na kalamu, kwa kuwa somo hili linahitaji kusimamisha video mara kwa mara na kuandika.

Andikeni sentensi hii: Asha said, "I am selling dagaa at Kibirizi today." Hii ni kauli halisi, kwa sababu maneno ya Asha yameandikwa kama alivyoyatamka, ndani ya alama za fungua na funga semi. Sasa tunataka kuyasimulia sisi.

Hatua mbili za mwanzo ni nyepesi. Ondoeni alama za semi pamoja na mkato unaozitangulia, kisha wekeni "that". Halafu badilisheni "I" iwe "she", kwa kuwa msimulizi si Asha tena.

Hatua ya tatu ni wakati wa kitenzi, na hapa naomba tusiharakishe, kwani ndipo alama nyingi hupotea. Kwa Kiswahili tunasema "Asha alisema kwamba anauza dagaa", na kitenzi cha pili hubaki katika wakati uliopo bila mtu yeyote kuona kasoro. Kiingereza kina kawaida nyingine: kitenzi cha kusimulia kikiwa katika wakati uliopita, kama "said", kitenzi kinachokifuata nacho hurudishwa nyuma. Kwa hiyo "am selling" huwa "was selling", "sell" huwa "sold", "have sold" huwa "had sold", "will" huwa "would" na "can" huwa "could". Anayetafsiri kichwani kutoka Kiswahili ataandika "she is selling", kwa sababu masikio yake hayajaona tatizo. Basi kila mnapoandika "said", rudini mkikague kitenzi cha pili. Jambo ambalo bado ni kweli linaweza kubaki lilivyo: The teacher said that Lake Tanganyika is the deepest lake in Africa.

Hatua ya nne ni maneno ya muda na mahali. "Today" huwa "that day", "tomorrow" huwa "the next day", na "here" huwa "there", ikiwa tunasimulia siku nyingine au tukiwa mahali pengine. Jibu letu ni hili: Asha said that she was selling dagaa at Kibirizi that day.

Mkitaka kumtaja aliyeambiwa, tumieni "told": Asha told me. Msiandike kamwe "Asha said me".

Maswali yana utaratibu wake. Juma akiwa stesheni aliuliza, "Does this train go to Tabora?" Hapa "does" huondoka, "if" huingia, kiima hutangulia kitenzi, na alama ya kuuliza hufutwa: Juma asked if that train went to Tabora. Swali likiwa na "where" au "when", neno hilo hilo huchukua nafasi ya "if". Amri ni fupi zaidi: "Wait here" huwa He told me to wait there, na katazo huongezewa "not" kabla ya "to".

Sasa simamisheni video mjaribu sentensi ya hapa hapa kwetu Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikutana hapo na David Livingstone, na baadaye aliandika kwamba alimwambia, "Dr. Livingstone, I presume?"

Jibu ninalolipendekeza ni: Stanley said that he presumed the man was Dr. Livingstone. Alama ya kuuliza ipo, lakini "I presume" ina mpangilio wa maelezo, ndiyo maana nimetumia "said that" badala ya "asked if". Na nimeongeza "the man was" kwa kuwa Stanley alikuwa anamkabili mtu huyo ana kwa ana, ilhali msomaji wa kauli ya taarifa hamwoni.