Kuandaa moduli ya redio mezani kabla ya kuipeleka mtoni

Mulembe, ndugu zangu. Wazee wetu mlioshuka kutoka Wanale, shikamooni. Mafundi na wanafunzi, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie moduli za kutuma taarifa bila waya, na namna ya kuzipangia kazi kwa kompyuta. Moduli hizo ni nyingi. Leo nitashika moja tu, HC-12, kwa sababu tunachokitaka hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, kinajulikana: kujua kina cha maji ya mito ya Nabuyonga na Namatala huko juu kabla maji hayo hayajafika mjini. Mwisho wa Julai 2022 mito hii ilivunja kingo zake na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Oktoba 2018, kule Bududa, mto Suume ulishusha mawe na magogo juu ya nyumba na soko. Mara nyingi mvua inakuwa imeshanyesha mlimani wakati huku chini watu bado wanaanika nguo. Muda huo mfupi ulio katikati ndio tunaoutafuta.

Nianze na lile ninalotaka mlishike kuliko mengine yote. Moduli hii haikuambii kwamba umekosea. Haina taa, haina mlio, na haina ujumbe wa kosa inapokuwa kazini. Ukiipanga vibaya inanyamaza tu. Sasa wewe umesimama juu ya jiwe, umelowa, betri mkononi, na moduli imenyamaza: utajuaje kama shida ni waya, antena, chaneli au mgomba ulio mbele yako? Hutajua. Kwa hiyo kila kinachoweza kupangwa kipangwe mezani, kisomwe tena mezani, na kiandikwe kwenye daftari kabla hujapanda boda kwenda mlimani.

HC-12 ni kibao kidogo chenye chipu ya redio Si4463 ya kampuni ya Silicon Labs, na kando yake kidhibiti kidogo kinachopokea herufi kutoka kwenye kompyuta na kuzirusha hewani. Herufi zinaingia upande huu, zinatokea upande ule. Basi. Haihitaji intaneti, haihitaji laini ya simu, haihitaji kununua data. Katika mabonde yetu, ambako simu inashika ukiwa kwenye mti huu na kukata ukifika kwenye mti ule, hiyo ni faida kubwa. Kuna XBee, ambayo kila moduli ina anwani yake na zipo aina zinazopokezana taarifa hadi zifike mbali. Kuna LoRa, inayofika mbali zaidi. Ni nzuri zote mbili. Lakini kwa anayeanza naipendelea HC-12, kwa sababu amri zake zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mtu anayejua anachokifanya kwenye HC-12 hatapotea akihamia kwenye hizo nyingine.

Tuingie kazini. Unahitaji adapta ya USB kwenda seriali, yaani kifaa cha kuiunganisha moduli na tundu la USB la kompyuta, zile zenye chipu ya CH340, CP2102 au FT232. Unahitaji nyaya tano. VCC ya moduli inakwenda kwenye umeme, GND, yaani upande hasi, kwenye GND. TXD ya moduli inakwenda RXD ya adapta, na RXD ya moduli inakwenda TXD ya adapta, maana anayesema huyu ndiye anayesikilizwa na yule. Waya wa tano ni SET, nitaurudia. Moduli inakubali volti 3.2 hadi 5.5. Ukiilisha volti 5 za USB, mtengenezaji anashauri upitishe umeme kwenye dayodi ya 1N4007 ili volti zipungue kidogo. Fanyeni hivyo. Wekeni pia kapasita kati ya VCC na GND, karibu na moduli, kwa sababu ikirusha kwa nguvu zote inavuta takriban miliampea 100 kwa mkupuo, na umeme ukiyumba hapo inazima na kuwaka upya bila wewe kujua. Na antena iwepo kabla ya umeme. Redio isiyo na antena isirushe kamwe.

Kwenye kompyuta ya Windows, adapta itaonekana kama COM yenye namba. Kwenye Linux itakuwa ttyUSB0 au jirani yake, na ikikukatalia ruhusa, liingize jina lako kwenye kundi la watumiaji liitwalo dialout kisha utoke na kuingia upya. Fungua programu yoyote ya taminali, yaani dirisha la kuandikiana herufi na moduli, hata ile dirisha ya seriali ya Arduino inatosha.

Sasa ule waya wa SET. Ukiwa haujagusa kitu, moduli iko kazini: chochote unachoandika kinarushwa. Ukiuunganisha na GND, moduli inaacha kurusha na kuanza kukusikiliza wewe. Kuna njia mbili za kufanya hivyo, na tofauti yake imewachosha wengi. Ukiishusha SET wakati moduli tayari ina umeme, itaongea kwa kasi ya seriali iliyopangwa mara ya mwisho. Ukizima umeme kwanza, ukaishusha SET, kisha ukawasha, itaongea kwa biti 9600 kwa sekunde daima, hata kama mtu aliyeitumia kabla yako aliipanga anavyojua yeye. Mimi nawashauri njia ya pili kila wakati. Moduli uliyoinunua, uliyoazimwa, uliyoiokota kwenye droo ya maabara, zote zitakujibu kwa 9600.

Andika AT. Ikijibu OK, mmeelewana. Mtindo huu wa amri kuanza na AT ni wa zamani, ulianza na modemu za Hayes kule Marekani mwaka 1981, na bado unatuhudumia. Isipojibu, geuza TXD na RXD kwanza, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kisha jaribu kubadilisha kile kipengele cha taminali kinachoongeza alama ya mwisho wa mstari.

Amri ya pili, kabla hujabadilisha lolote, ni AT+RX. Hii inakusomea mpangilio wote. Moduli mpya itajibu mistari minne ya namna hii: OK+FU3, OK+B9600, OK+C001, OK+RP:+20dBm. Nakilini mistari hiyo kwenye daftari kama ilivyo. Ni hali ya kufanya kazi, kasi ya seriali, chaneli, na nguvu ya kurusha. Moduli mbili zinaongea pale tu zinapokubaliana kwenye hali, chaneli na kasi. Nguvu peke yake ndiyo inayoweza kutofautiana.

Kuhusu hali sina mengi. FU1 na FU2 ni za kubana umeme na hazifiki mbali. FU4 inafika mbali kuliko zote, hati ya mtengenezaji inataja mita 1800 mahali pa wazi, lakini ni ya pole mno na inakulazimisha kutuma ujumbe mfupi kwa kusubiri. Baki na FU3 mpaka uwe na sababu.

Kasi ndiyo inayostahili muda wetu. Watu wengi huiacha 9600 kwa sababu ndivyo ilivyotoka dukani. Lakini katika HC-12, kasi unayoipanga upande wa kompyuta ndiyo inayoamua kasi ya hewani. Ukiwa kwenye 9600, moduli inarusha hewani biti 15,000 kwa sekunde. Ukishuka hadi 2400, inarusha 5,000, na mpokeaji anaweza kusikia mawimbi dhaifu zaidi, kutoka dBm −112 hadi −117 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na namba ikizidi kushuka ndivyo yalivyo dhaifu). Kwa hati ya mtengenezaji, hiyo ni tofauti ya mita 600 na mita 1000 mahali pa wazi. Mita 400 za bure! Hujanunua antena, hujaongeza umeme, umeandika AT+B2400 tu. Na unapoteza nini? Ujumbe wetu wa kina cha maji hauzidi herufi 20. Kwa 2400 herufi hizo zinapita chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mto haujai kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ningependa kila mmoja wenu atoke hapa akiwa ameibadilisha. Kumbukeni tu kwamba ukiiachia SET, taminali yako nayo lazima ihamie 2400, vinginevyo utaona takataka kwenye kioo.

Nguvu na chaneli nitaziweka pamoja, kwa sababu hapa tunagusa sheria. HC-12 ina chaneli 100. Ya kwanza iko kwenye megahezi 433.4, na kila moja inapanda kilohezi 400 mpaka 473.0. Ukiona chaneli 100 unadhani ni zako zote. Si zako. Katika mgawanyo wa masafa wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, Afrika iko kwenye kanda ya 1, na katika kanda hiyo sehemu iliyotengwa kwa vifaa vya viwandani, vya sayansi na vya tiba, ambamo redio ndogo kama hizi hujibanza, ni megahezi 433.05 hadi 434.79. Pigeni hesabu wenyewe: C001 ni 433.4, C002 ni 433.8, C003 ni 434.2, C004 ni 434.6. C005 ni 435.0, tayari umetoka nje. Juu huko kuna watu wenye leseni, wakiwemo wanaotumia redio za upepo kazini. Unayetaka kuokoa watu usije ukamziba masikio mtu mwingine anayeokoa watu.

Mtengenezaji anashauri moduli za makundi tofauti zinazokaa jirani ziachane kwa chaneli tano. Ndani ya chaneli nne haiwezekani. Kwa hiyo vituo vyetu vyote vitumie chaneli moja na vipeane zamu, kila kimoja na dakika yake. Mafundi wa Sironko mkianza na kwenu, tuzungumze kabla.

Nguvu inapangwa kwa AT+P1 hadi AT+P8. P8 ni miliwati 100, na P4 ni kama miliwati 6. Ulaya kikomo cha kawaida kwa masafa haya ni miliwati 10. Hapa kwetu mwenye neno ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, chini ya sheria ya mwaka 2013. Waandikieni kabla ya kufunga kituo cha kudumu, mkieleza masafa, nguvu na mahali. Kwa majaribio ya leo tutumie P4. Huenda mkashangaa inavyofika mbali pale njia ikiwa wazi.

Njia kuwa wazi ni zaidi ya kuona upande wa pili. Mawimbi ya 433 yanahitaji upana. Kwa umbali wa kilomita 1, katikati ya njia, upana huo ni kama mita 13 kila upande wa mstari wa macho, na angalau zaidi ya nusu yake isiwe na kizuizi. Shamba la migomba lililolowa lililo katikati ya bonde linakula mawimbi hata kama unauona mlingoti wa mwenzako juu ya majani. Pandisheni antena. Waya ulionyooka wa sentimita 17.3 ni robo ya wimbi, na unashinda ile springi inayokuja na moduli. Usiifungie ndani ya sanduku la bati.

Ukimaliza kupanga, andika AT+RX tena na ulinganishe na daftari. Usiamini OK uliyoiona wakati wa kupanga. Soma upya. Kisha bandika karatasi juu ya moduli: jina la kituo, chaneli, kasi, hali. Fanya hivyo hivyo kwa ya pili. Achia SET zote mbili, fungueni madirisha mawili ya taminali, moduli ziachane mita kadhaa, kwa sababu zikikaribiana sana mpokeaji analemewa. Andika upande mmoja, soma upande wa pili. Kisha mmoja atembee nayo hadi barabarani, hadi ng'ambo ya barabara, huku mwenzake akiandika ni wapi herufi zilianza kupotea.

Mjue pia kwamba HC-12 haina anwani wala siri. Aliye kwenye chaneli yako anasikia vyote na anaweza kutuma chochote. Kwa hiyo ujumbe wenyewe ubebe utambulisho wake. Mimi huandika hivi: NB1,0457,132,38. Hicho ni kituo cha kwanza cha Nabuyonga, ujumbe wa 457, maji sentimita 132, betri volti 3.8. Mwisho ongezeni namba ya kuhakiki inayotokana na hesabu ya herufi zote, ili ujumbe ulioharibika njiani utupwe. Ile namba ya ujumbe msiidharau. Ikiruka kutoka 457 hadi 461, umejua ujumbe tatu umepotea, na umejua leo, si siku ya mafuriko.

Kuna vijana wameniambia watatuma taarifa pale tu maji yanapopanda, ili kuokoa betri. Nawaomba msifanye hivyo. Kituo kinachosema tu wakati wa hatari, kikinyamaza, mtu wa mjini atadhani mto umetulia, kumbe betri imekufa tangu Jumanne au mkondo umekibeba kituo chenyewe. Kila baada ya dakika kumi kitume, hata kama maji hayajasogea hata sentimita. Mjini programu ihesabu: jumbe mbili mfululizo zisipofika, kengele ilie kama vile maji yamepanda, na mtu aende kuangalia. Umeme wa ziada ni mdogo, maana kurusha ni sehemu ya sekunde tu. Kati ya jumbe izamishe moduli usingizini kwa AT+SLEEP. Na kengele hiyo iwe mikononi mwa kamati ya maafa ya wilaya na wenyeviti wa vijiji vilivyo kando ya mto. Fundi apeleke taarifa, wao waamue nani ahame.

Nimeleta moduli na adapta za kutosha watu wawili wawili. Wenye laptopu sogezeni meza hizi mbili za dirishani. Zimeni umeme kwanza, SET kwenye GND, kisha washeni, na asiandike mtu amri yoyote ya kubadilisha kabla sijaona ile mistari minne ya AT+RX kwenye daftari lake.