Klachi ya Feni Iliyochakaa: Irudi Kwenye Gari au Itupwe?

Mafundi wenzangu wa Tabora, na nyinyi madereva mliokuja kusikiliza, karibuni. Tunaizungumzia klachi ya feni yenye oili, ile inayokaa kati ya pampu ya maji na mapanga kwenye Land Cruiser, Hilux na magari mengi ya mizigo. Mara nyingi hukumu yake hutolewa kwa mkono mmoja: fundi anazungusha feni, ikienda kirahisi anasema imekufa, ikiwa nzito anasema ni nzima. Hukumu hiyo haitoshi, na inatupotezea klachi nzuri.

Ndani yake mna oili ya silikoni. Mbele kuna springi bapa ya metali mbili zinazotanuka tofauti. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikifika nyuzi 65 hadi 75 hivi, springi inajisokota na kufungua vali, oili inajaa kwenye mifereji, feni inashika. Hewa ikipoa, feni inalegea. Hapo shikeni jambo moja: springi inapima hewa, haipimi maji. Rejeta ikiziba vumbi na mbegu za majani katika njia za Sikonge au Ulyankulu wakati wa kiangazi, hewa haipiti vizuri, springi haipati joto, na klachi isiyo na kosa inafunguliwa na kutupwa. Osheni rejeta kwanza. Tena mkaisugue springi kwa brashi laini, bila kuipinda.

Ukaguzi uanze kwenye beringi, maana yenyewe haina rufaa. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, shika ncha ya panga, sukuma mbele na nyuma. Ikicheza zaidi ya milimita 6, au ukizungusha ukasikia mkwaruzo, usiirudishe. Beringi ikiachia, feni inaingia kwenye rejeta na unanunua vyote viwili. Ila kabla hujaitupa, tikisa puli ya pampu ya maji. Puli nayo ikicheza, kosa huenda ni la pampu. Panga lenye ufa halitumiki tena, na la plastiki halichomelewi wala kugundishwa.

Kisha tafuta oili. Unyevu mwembamba kwenye sili ya mbele, ulioshika vumbi kidogo, unavumilika. Michirizi mibichi inayotoka katikati kwenda pembeni inamaanisha oili inaisha.

Sasa joto. Asubuhi, kabla ya kuwasha, zungusha feni kwa nguvu ya mkono. Ikienda mizunguko mitatu au zaidi, imelegea kupita kiasi. Ukiwasha, itavuma kidogo kwa sababu oili ilijikusanya usiku, halafu itatulia ndani ya dakika chache. Isipotulia kabisa, imeganda: inakula mafuta na nguvu ya injini bure. Baada ya hapo ziba sehemu ya rejeta kwa boksi la karatasi ngumu, piga resi mizunguko 2,000 kwa dakika, macho yakiwa kwenye mshale wa joto. Feni inapaswa kuanza kuvuma kabla mshale haujafika kwenye alama nyekundu. Toa boksi, uvumaji ushuke. Zima, kisha zungusha tena kwa mkono: iwe na ukinzani, isizunguke bure. Wapo wanaoizuia feni inayozunguka kwa gazeti lililokunjwa. Msifanye hivyo, vidole havina spea.

Dereva naye ana ushahidi. Gari likichemsha kwenye mchanga au mwendo wa polepole, kisha likapoa ukikimbia, shuku feni. Likichemsha kwenye lami ya Nzega ukiwa kasi, angalia rejeta, thamostati na pampu, kwa sababu hapo upepo wa mwendo unafanya kazi ya feni.

Klachi ambayo beringi ni nzima ila oili imepungua inaweza kuokolewa, mradi kava lake limefungwa kwa skrubu. Iliyogongwa ribiti iacheni. Toyota wanauza oili ya silikoni kwenye mirija ya mililita 18, kwa uzito tofauti, yaani unato wa oili. Weka uzito na kiasi kinachotajwa kwa klachi hiyo. Oili ya injini hailingani nayo hata kidogo, ikipata moto inakuwa nyepesi mno.

Na tafadhali, tuache kuichomelea klachi ili feni ishike moja kwa moja. Pampu inabeba mzigo muda wote, mapanga yanapasuka kwenye mizunguko mikubwa, na ukivuka maji feni inapinda kuelekea rejeta.

Ukiagiza iliyotumika kutoka Mwanza au Dar, muuzaji aisafirishe ikiwa wima kama inavyokaa kwenye gari. Ikilala kifudifudi siku mbili ndani ya buti la basi, oili inaweza kupenya kwenye sili, nawe utaikuta imelegea kabla hujaifunga.