Umekaa Mjini, Umeuona Mji?
(Mazungumzo na wanafunzi wapya, Unguja Mjini)

Assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumze nanyi mliokuja mjini mwaka huu kwa masomo. Wengine mmetoka Wete na Chake, wengine Makunduchi na Nungwi, na wachache naona mmevuka bahari kutoka Tanga na Dar es Salaam. Karibuni. Mimi mzaliwa wa Kikwajuni, nimefundisha historia mpaka nimestaafu, na leo naanza kwa kuungama kosa langu.

Mwanangu alipokuwa mdogo aliniomba nimpeleke Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Siku hizo mlikuwa na makumbusho mle ndani, na kwenye ukumbi wa chini palikuwa na mtepe mzima, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hakina msumari hata mmoja. Nikamwambia, Ijumaa. Ijumaa akaja mgeni. Nikasema, basi likizo. Likizo tukaenda shamba. Mimi mwenyewe nilishaliona, nikajiambia jumba halina miguu, litakwenda wapi? Baadaye likafungwa kwa ubovu, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Mwaka 1896 Waingereza walipopiga mizinga pale Forodhani, lenyewe lilisalimika. Mwanangu sasa mtu mzima, yuko bara na kazi zake, na mtepe ule hakuuona.

Kwa hiyo mkinisikia nasisitiza jambo moja tu jioni hii, mjue limetoka wapi: ingieni ndani, na ingieni mapema. Sisi wenyeji tuna maradhi ya kupita nje. Ukimuuliza mtu wa hapa kama anaijua Ngome Kongwe, atakwambia, "Ah, si pale!" na kidole anakunyooshea. Muulize ndani mna nini, anaanza kukohoa. Tumejitia akilini kuwa mambo haya ni ya wageni. Papasi, wale vijana wanaowafuata wageni kuwatembeza, wenyewe wakikuona mweusi mwenzao hawakusemeshi, wanakupisha upite kama mwenye haraka zako. Na mlangoni ukiona ubao wa bei, unageuka. Usigeuke! Soma mstari wa pili. Kwenye makumbusho ya Serikali mwenyeji halipi sawa na mgeni, anatoa kidogo sana. Chukua kitambulisho chako, cha Mzanzibari mkaazi au hata cha skuli, uulize kwa adabu.

Tuanze Mkunazini. Nendeni asubuhi, kabla makundi hayajafika, maana pale ni mahali pa kimya. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliokubali Barghash, na mwaka huohuo likaanza kujengwa kanisa juu ya kiwanja kilekile, chini ya Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa lugha mnamjua kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. (Msinitazame hivyo jamani. Kuingia kanisani kutazama hakukutoi katika dini yako. Mimi nimeingia mara nyingi na swala yangu ya adhuhuri nimeiwahi.) Mbele ya madhabahu mtaona duara la marumaru sakafuni. Hapo ndipo panapotajwa kuwa palisimama mti wa kuchapiwa watumwa viboko. Kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ambao moyo wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, ulizikwa chini yake. Kisha geukeni nyuma, karibu na pa kubatizia, muangalie zile nguzo. Zimesimama kichwa chini! Husimuliwa kuwa mafundi walizipachika hivyo askofu hayupo, na aliporudi akaziacha. Mie nguzo zile nazipenda kuliko kanisa zima, kwa sababu ndizo zinazonionesha mkono wa mtu aliyefanya kazi pale.

Nje, katika shimo, kuna sanamu za watu watano zilizotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, shingoni wana mnyororo. Sanamu ni mpya, mnyororo ni wa zama zile. Usipige picha kwanza. Teremsha macho utazame pete moja, ilivyo nene, kutu ilivyoila, halafu ufikirie uzito wake juu ya mfupa wa bega.

Mtateremshwa pia kwenye vyumba vya chini, dari inakugusa kichwa, na mtaambiwa watumwa walihifadhiwa humo. Hapa nawaomba muwe wanafunzi. Jengo lile la juu lilikuwa hospitali ya misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaovitilia shaka vyumba vile. Muulizeni mtembezaji, kwa upole, msimvunjie riziki yake. Mateso ya soko lile yana ushahidi wa kutosha, hayahitaji kuongezewa.

Kutoka hapo msikimbilie pengine. Piteni vichochoroni, mpotee kidogo. Mji Mkongwe hauna upotevu wa kutisha, ukienda sana utatokea ama baharini ama Darajani. Njiani simameni kwenye mlango mmoja. Si milango kumi kwa picha kumi, mmoja tu. Utazame mfaa, ule mti wa katikati unaogawa mbao mbili, aghalabu ndio uliochongwa kwa ufundi zaidi. Kwenye fremu utaona mnyororo umezunguka, chini kabisa samaki au magamba yake, juu maua. Kizingiti cha juu mara nyingine kina aya ya Kurani na mwaka wa Hijria, kwa hiyo aliyepita chuo cha Kurani anaweza kuujua umri wa nyumba bila kumuuliza mtu. Ukikuta mlango wa vibao vidogo vya mraba, unaokunjika, hiyo ni kazi ya mtindo wa Kigujarati, na nyuma yake huenda palikuwa duka. Njumu za shaba, yale mapambo kama vichwa vya misumari, zipapaseni. Kama mwenye nyumba yuko barazani, mtolee salamu kwanza, bila shaka atakuhadithia zaidi yangu.

Hamamni nitaipitia haraka. Ni bafu alilojenga Barghash kwa ajili ya watu wa mji, siku hizi halina maji. Nusu saa inatosha, na ubaridi wa mle ndani mchana wa Januari una thamani yake.

Ngome Kongwe nendeni alasiri. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, miaka ya mwisho ya karne ya 17, palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Baadaye ikawa jela, ikawa karakana ya reli ya Bububu, na kwenye miaka ya 1940 ua wake ukafanywa kiwanja cha kina mama kuchezea tenisi. Wengi mnacheka. Mimi hili ndilo linalonifurahisha, kuta za kivita zinawasitiri wanawake wacheze bila kutazamwa! Leo kuna jukwaa la wazi, na ndipo tamasha la Sauti za Busara lilipozoeleka kufanyika kila Februari, tangu mwaka 2004.

Mkitoka ngomeni ni Forodhani, bustani ya ufukweni, na hapo sina la kuwafundisha. Ila muda. Nendeni kabla ya magharibi, muwaone vijana wanavyochupa baharini kutoka ukutani, mmoja anakimbia, anajipinda hewani, wenzake wanampigia makofi. Taa za karabai na za umeme zikiwaka ndipo meza za chakula zinapochangamka. Samaki muulizie bei kabla hajatiwa moto. Kwa mfuko wa mwanafunzi, mimi ningekunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi pale, halafu urojo nikaule mtaani, bakuli zito la bajia, viazi, kachori na chatne, kwa bei ya wenyeji.

Taarab je? Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na zote zipo hapahapa mjini. Usingoje harusi wala tamasha. Ulizia siku za mazoezi, ukae kwenye kona, usikie ganuni, ala ya nyuzi nyingi, ikitiwa sauti uzi baada ya uzi na fidla zikiifuata. Mazoezini utasikia mwimbaji akikosea, akirudia, akimkemea mpiga dumbaki. Jukwaani hayo hayapo.

Na msidhani mji ni upande wa mawe tu. Darajani pameitwa hivyo kwa daraja lililovuka hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambayo leo imefukiwa, na ng'ambo ya pili ndiko wanakoishi watu wengi wa mji huu. Panda mpaka Michenzani uyaone majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ambayo wenyeji huyaita treni. Hayapigwi picha kwenye kadi za posta. Lakini jioni ukumbini chini yake kuna kahawa, bao, karata, na mjadala wa mpira unaoweza kukupeleka mpaka saa nne usiku.

Naona mkono umenyooshwa. Sema mwanangu. Kisiwa cha Changuu? Ndiyo, kwa mashua ni karibu. Jela ilijengwa miaka ya 1890 lakini haikutumika kama jela, kisiwa kikawa cha karantini. Makobe wakubwa asili yao Shelisheli, na wengine wameandikwa umri wao mgongoni kwa rangi. Nendeni wengi mchangiane mashua, na bei muafikiane mkiwa bado mmesimama mchangani, ya kwenda na ya kurudi.