Watu 384: namba inayonakiliwa bila kuulizwa ilikotoka

Ndugu wanafunzi wa uzamili, nanyi wenzetu mliotoka halmashauri, karibuni.

Fungua tasnifu ya afya ya jamii, nenda sura ya tatu, na mara nyingi utaikuta kama ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kupimwa: 384. Utafiti wa shinikizo la damu, 384. Utafiti wa minyoo, 384. Aliyeandika kaitoa kwa aliyemtangulia, naye huyo vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kazi ya idara ya epidemiolojia na biostatistiki, kabla hata dodoso halijachapwa, ni kuuliza namba hiyo imetoka wapi.

Imetoka hapa. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 tunatumia 1.96, na mraba wake ni 3.8416. Zidisha kwa p, yaani kiwango unachotarajia kukikuta, kisha kwa 1 − p, halafu gawa kwa mraba wa d, kosa unaloweza kulivumilia. Asiyejua p huweka 0.5, kwa kuwa 0.5 × 0.5 ni 0.25 na hakuna thamani nyingine ya p inayotoa zao kubwa zaidi. Ukiweka d ya 0.05 unapata 384.16. Kwa hiyo hata kwa hesabu yake yenyewe, jibu ni 385: sampuli hupandishwa, haishushwi.

Sasa chukua kazi halisi: maambukizi ya malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 katika wilaya ambayo tunatarajia asilimia 8. Kosa la pointi 5 maana yake utatoka na jibu la "kati ya 3 na 13". Mganga mkuu wa wilaya atafanyia nini jibu hilo? Wilaya ya asilimia 3 na ya asilimia 13 hazipangiwi mambo yaleyale. Tuseme tunataka pointi 2. Hapo 3.8416 × 0.08 × 0.92 ÷ 0.0004 inatoa watoto 707.

Bado hatujamaliza, kwa sababu fomyula hiyo inadhani kila mtoto kachaguliwa peke yake kutoka wilaya nzima. Sisi tunakwenda kwa klasta, yaani tunachagua maeneo kwanza kisha watoto kadhaa ndani ya kila eneo, na watoto wa kitongoji kimoja wanashiriki dimbwi lilelile na mgawo uleule wa vyandarua. Wanafanana, mtoto wa ishirini anakuambia machache ambayo wale 19 hawajakuambia. Athari hiyo hupimwa hivi: 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watoto kwa klasta na ρ ni kiasi wanachofanana. Kwa m ya 20 na ρ ya 0.05 unapata 1.95. Watoto 707 wanakuwa 1,379. Ukitegemea asilimia 10 hawatapatikana, gawa kwa 0.9, upate 1,533. Wengi hapa huzidisha kwa 1.1 na kupata 1,517, kisha wanashangaa mwishoni watoto wamepungua. Klasta zinazohitajika ni 77.

Punguza m iwe 10 uone: athari inashuka hadi 1.45, watoto, baada ya kugawa tena kwa 0.9, wanabaki 1,140, lakini klasta zinapanda hadi 114. Hapo mazungumzo si ya takwimu tena, ni ya dizeli na posho. Kama vijiji viko mbali, 20 ina maana. Kama gari linafika kila mahali kwa nusu saa, kuchukua 20 ni uvivu tu.

Kuchagua klasta ni kazi nyepesi ukishapata orodha ya maeneo ya kuhesabia watu yenye idadi ya kaya. Jumlisha kaya kwa kulimbikiza. Zikifika, tuseme, 92,400, gawa kwa 77 upate hatua ya 1,200. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 1,200. Ikitoka 437, fuata 1,637, kisha 2,837, na kuendelea. Eneo ambalo limbikizo lake linaimeza namba hiyo ndilo limechaguliwa.

Ugumu uko ndani ya eneo. Sensa ya Tanzania ilifanyika Agosti 2022, na mitaa ya pembezoni mwa miji haikungoja. Ni lazima timu ipite upya na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, iorodheshe kaya zote na watoto wa umri huo. Ukipata watoto 90 na unataka 20, hatua ni 4.5. Usiikate kuwa 4, maana utatosheka kwenye mtoto wa 80 na wale 10 wa mwisho wa orodha, ambao mara nyingi ni wa nyumba za mbali, watakuwa hawana nafasi sawa. Ukiifanya 5, utaishia 18. Acha nukta ilivyo: ukianzia 2.7, zinafuata 7.2, 11.7, 16.2, pandisha kila moja, yaani mtoto wa 3, wa 8, wa 12, wa 17, hadi wa 89.

Ile njia ya zamani ya tafiti za chanjo, klasta 30 zenye watoto 7 kila moja, ambapo mdadisi, yaani mkusanya data, anasimama katikati ya kijiji na kuzungusha kalamu ili apate mwelekeo wa kuanzia, ilisaidia sana wakati wake, lakini iliwapendelea wa katikati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 umeiacha.

Mlango ukifungwa, mdadisi haendi kwa jirani. Anayekutwa nyumbani saa tano asubuhi hafanani na aliye shambani au sokoni. Rudi mara tatu kwa nyakati tofauti, mojawapo jioni, kisha andika msimbo wa "hakupatikana". Ile asilimia 10 ilikuwa ya huyu.

Jambo la mwisho ni umri. Mama akisema "miaka miwili", kwenye kishikwambi inaingia 24, na grafu inakuwa na vilele kwenye 12, 24 na 36. Dai kadi ya kliniki; isipokuwepo, tumia matukio: Ramadhani, mavuno, uchaguzi. Kilele kibaya zaidi kiko kwenye 60. Mtoto wa miezi 58 ana kidole cha kutobolewa na kurasa kadhaa za maswali, wa miezi 60 hana, na mdadisi aliyechoka analijua hilo. Kila jioni msimamizi apange watoto walioorodheshwa kwa umri na kwa jina la mdadisi. Wa miaka mitano wakiwazidi sana wa miaka minne kwa mdadisi mmoja, kesho yake aongozane naye.

Maswali, tafadhali.