Negativu zako zinatoka na ukungu? Anza na kimo cha filamu

Karibuni watazamaji. Kama ukiskani negativu kwa skana bapa ya mezani picha inatoka na ukungu, usikimbilie kuongeza dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi. Mara nyingi tatizo ni kimo cha filamu juu ya kioo. Skana hii, Epson V600, haina fokasi ya kurekebisha: lenzi imefungwa, kwa hiyo ni filamu inayopaswa kuifuata.

Toa mkeka mweupe wa kifuniko, futa kioo, puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa. Upande wa filamu unaong'aa utazame chini. Filamu iliyojikunja ilaze kwanza chini ya vitabu vizito usiku kucha, ndani ya mfuko wake, maana ikibinuka itakuwa kali pembeni na hafifu katikati.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa usiwe na haraka. Zima kila kinachonoa picha kwenye programu. Weka 2400 dpi, skani fremu moja. Kata vipande vidogo vya kadi, weka kimoja chini ya kila pembe ya kishikio cha filamu, skani fremu ileile. Ongeza cha pili, skani tena. Kila faili lipe jina kwa idadi ya kadi: sifuri, moja, mbili.

Zifungue zote kwa asilimia 100. Usitazame sura ya mtu, tazama anga au ukuta mtupu. Unaona hapa, kwenye kadi mbili? Chembe za filamu zinahesabika moja moja. Kwenye sifuri zimeyeyuka kama uji. Kimo chetu ni hiki, bandika kadi zibaki hapo. Kama kila kadi inazidisha ukungu, kishikio kiko juu mno: punguza miguu yake kwa msasa, kidogo kidogo.

Boksi linasema 6400 dpi. Kwa filamu ya milimita 35, 2400 inakupa pikseli kama 3400 kwa 2270. Ukipanda sana, faili linanenepa kuliko picha inavyonufaika.

Filamu ya nyeusi na nyeupe, zima Digital ICE, ile huduma ya skana inayofuta vumbi na mikwaruzo. Inatumia mwanga wa infraredi, na fedha iliyomo kwenye filamu inauzuia, basi programu inadhani picha yenyewe ni vumbi na kuiharibu. Zile negativu za harusi za wazazi wetu, zilizolala kwenye bahasha za studio, hazistahili hilo.

Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, kisha ndipo unoe, kidogo tu.