Daktari wa upasuaji aliye zamu usiku: yuko wapi, anafanya nini?

Ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Karibuni tena. Wengi wenu mnajua kwamba huku ughaibuni mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, ndiyo maana ujumbe mnaonitumia mara kwa mara ni wa namna moja: mgonjwa wetu kafikishwa hospitali usiku, kapimwa, tumeambiwa anatakiwa kupasuliwa, saa zinakwenda na daktari haonekani. Yuko wapi? Leo nataka nilijibu swali hilo sawasawa, kwa sababu jambo hili naliona kila nikiingia kazini na linanigusa sana.

Mara nyingi daktari huyo yuko thieta, yaani chumba cha upasuaji, na tumbo la mtu mwingine liko wazi mbele yake. Tumbo likishafunguliwa haliachwi. Kama utumbo umetoboka, atafute palipotoboka, azibe au akate kipande na kuunga, aoshe usaha na uchafu uliosambaa, ndipo afunge. Hizo ni saa mbili, tatu, pengine zaidi. Na muda wote huo simu yake inaita. Yeye hawezi kuishika, mikono yake ni safi kwa ajili ya kidonda tu, kwa hiyo tunapokea sisi na kumwambia kwa sauti. Mapokezi ya dharura wanasema ameletwa majeruhi wa ajali, tumbo linajaa damu na presha inashuka. Wodini wanasema yule wa jana ana homa na mshono unavuja. Kuna hospitali ndogo inaomba kuleta mgonjwa wa rufaa. Daktari wa wajawazito anauliza thieta itapatikana saa ngapi, maana mapigo ya moyo ya mtoto tumboni si mazuri. Kila simu inataka uamuzi, na anayeamua ana sindano mkononi.

Asubuhi ukifungua daftari la thieta utakuta labda operesheni nne. Hutawakuta wale aliowachunguza akaamua wasipasuliwe, na mimi nasema hao ndio wanaomchosha zaidi. Kupasua kuna mwisho wake. Mgonjwa wa kuangaliwa hana mwisho: arudi baada ya saa mbili amguse tumbo tena, atazame majibu ya damu, azungumze na familia, abadilishe dawa, kisha arudi tena. Kazi hiyo haiandikwi popote, ndiyo maana wakubwa wakipanga idadi ya madaktari wa usiku kwa kuhesabu operesheni, wanapanga pungufu.

Sasa, foleni ya dharura haimwangalii aliyetangulia kufika. Uingereza wanaigawa katika ngazi nne: wa kupasuliwa ndani ya dakika, wa ndani ya saa, wa ndani ya siku chache, na wale wa kupangiwa tarehe. Anayevuja damu ndani anampita kila mtu. Korodani iliyojisokota nayo haitaki mjadala, kwa sababu zikipita kama saa 6 tangu maumivu yaanze, uwezekano wa kuiokoa unashuka sana. Ngiri iliyonasa na kukosa damu, vivyo hivyo. Lakini kidole tumbo ambacho hakijapasuka kinaweza kusubiri hadi saa 24, mgonjwa akiwa anapewa dawa na anaangaliwa. Kwa hiyo mtu wa kidole tumbo aliyefika jioni anaweza kuona watatu waliofika baada yake wakitangulia, na hakuna aliyepokea chochote mlango wa nyuma.

Kuna na kusubiri kwingine ambako kwenyewe ni matibabu. Mgonjwa ametapika siku mbili, mwili umekauka, presha iko chini. Ukimlaza usingizi vile alivyo, moyo unaweza kusimama mezani. Kwanza apate dripu, antibaiotiki, mkojo upimwe unatoka kiasi gani, damu ya kumwongezea itafutwe. Ndugu walio nje wanaona hakuna kinachofanyika, kumbe ndiyo matibabu yenyewe yanaendelea. Na hata daktari wa upasuaji akiwa tayari, bila mtaalamu wa usingizi hakuna operesheni. Usiku mtaalamu huyo mara nyingi ni mmoja, na upasuaji wa uzazi unamngoja yeye yeye.

Nije kwenye uchovu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anapungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakukataza kuendesha gari. Marekani, kifo cha binti wa miaka 18, Libby Zion, mwaka 1984, ndicho kilichoamsha mjadala wa saa za kazi za madaktari, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni. Umoja wa Ulaya ukomo ni wastani wa saa 48. Ujerumani kulikuwa na daktari wa idara ya upasuaji, Norbert Jaeger, aliyepeleka suala lake mbele ya sheria, na mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ikasema muda wote ambao daktari wa zamu analazimika kuwepo hospitalini ni muda wa kazi, hata kama kuna kitanda na amepata kusinzia. Mimi uamuzi huo naupenda mno. Kulala huku sikio liko kwenye simu hakumpumzishi mtu.

Lakini kupunguza saa peke yake hakutoshi, na hili lazima lisemwe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2016, uliohusisha programu zaidi ya 100 za kufundisha madaktari wa upasuaji, haukukuta tofauti ya vifo wala madhara makubwa kwa wagonjwa kati ya waliobanwa na ukomo mkali wa zamu na waliolegezewa. Ukifupisha zamu unaongeza makabidhiano, na kila mgonjwa anapokabidhiwa kuna neno linaweza kusahaulika.

Kinachonikera mimi ni asubuhi. Katika hospitali nyingi daktari aliyekesha anapitia wodi, halafu anaingia thieta kuanza orodha ya waliopangiwa tarehe zamani, wamefunga kula, wamejiandaa. Hakuna anayewaambia kwamba mtu anayewapasua hajalala. Nasema bila kuuma maneno: aliyekesha asipangiwe operesheni siku inayofuata. Inawezekana. Zipo hospitali ambazo daktari anayeshika dharura wiki hiyo hana kliniki wala orodha, kazi yake ni dharura tu. Uingereza, tangu miaka ya 1990, ripoti za kuchunguza vifo vya waliopasuliwa zilisukuma hospitali zitenge thieta ya dharura ya mchana, ili mgonjwa anayeweza kungoja kukuche asipasuliwe saa tisa usiku na timu iliyochoka. Wanaobaki usiku wawe wale tu ambao usiku huo ukipita watapoteza maisha au kiungo.

Najua kuna mahali daktari wa upasuaji ni mmoja kwa eneo zima, na huyo huwezi kumwambia habari ya kupokezana. Zamu yake haiishi. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilikadiria watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu, na ikapendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Panapokosekana watu hao, mzigo wote unamwangukia aliyepo, na mgonjwa wa mwisho wa usiku ndiye anayeulipia.

Nanyi mnaokaa kwenye mabenchi ya kusubiri, mnaweza kumrahisishia. Akitokea, ana dakika chache. Mwambieni maumivu yalianza saa ngapi na yalianzia wapi, mgonjwa amekula au kunywa mara ya mwisho lini, anatumia dawa gani, hasa za kufanya damu iwe nyepesi, amewahi kupasuliwa nini, na dawa ipi inamdhuru. Aongee mmoja. Wa kutia saini ya ridhaa asiondoke. Na mkiwa bado mnasubiri, mkaona maumivu makali yamekatika ghafla, tumbo limekuwa gumu, au mgonjwa ana jasho la baridi na maneno yake hayaeleweki, msikae mkimngoja daktari atoke. Mfuateni muuguzi aliye karibu mumwambie kilichobadilika na kimebadilika saa ngapi. Atapiga simu thieta, na foleni inaweza kupangwa upya dakika hiyo hiyo.