Bibi Mkubwa wa Baekje na Bangili Zake

Mabibi na mabwana, nianze na bangili. Ni jozi ya fedha, iliyochongwa majoka nje. Upande wa ndani, ule unaogusa ngozi, kuna maandishi madogo: mwezi wa pili, mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 520, Dari ameitengeneza kwa ajili ya bibi mkubwa. Na uzito umetajwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho ju: ju 230. Sonara makini huyo!

Bibi mkubwa mwenyewe alikuwa mke wa Mfalme Muryeong wa Baekje, dola iliyotawala kusini-magharibi mwa Korea. Kaburi lao liko Gongju. Mwaka 1971 mafundi walikuwa wanachimba mtaro wa maji ili makaburi ya jirani yasilowe, wakagonga matofali ya kaburi hili. Hakuna mwizi aliyewahi kuingia. Wataalamu, umati ukiwasonga, walilifukua kwa pupa usiku mmoja, jambo walilolijutia baadaye.

Ndani, mlangoni, palilazwa mawe mawili yenye maandishi. La kwanza linasema Mfalme Sama, ndilo jina hasa la Muryeong, alifariki mwaka 523 akiwa na umri wa miaka 62. La pili ni hati ya mauziano: mfalme ananunua kiwanja cha kaburi kwa mizimu ya ardhi, sarafu 10,000. Juu ya mawe zilikutwa sarafu za chuma za Kichina, kama 90 hivi. Basi tuseme ni malipo ya awali.

Hakuzikwa upesi. Sisi tunaoharakisha maiti tungeshangaa: msiba ulikaa takriban miezi 27, hadi mwaka 525. Jeneza lilitengenezwa kwa mti ambao kwao ni Japani tu, kwa hiyo mbao zilivuka bahari.

Malkia akafuata mwaka 526, naye akasubiri miezi ileile, akaingizwa kaburini mwaka 529. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Hawakumtafutia jiwe jipya. Walichukua lile la hati ya kiwanja, wakaligeuza, wakachonga habari zake mgongoni: malkia wa Baekje amefariki, msiba umewekwa upande wa magharibi, sasa anarudishwa kwenye kaburi kuu. Mume ameitwa Sama. Yeye ameandikwa cheo tu.

Zile bangili zilikutwa upande wa mkono wake wa kushoto, jina la Dari likiwa ndani.